Ukuta wa Baraza Uliopakwa Makaa

Marahaba, mjukuu wangu Hamadi. Shikamoo yako imefika Bweni salama. Sote wazima, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Unaniuliza kama ukuta wa baraza yako huko Unguja utafaa rangi ya makaa. Tulipooana, babu yako aliupaka wetu kwa makaa ya vifuu yaliyosagwa na maji matupu. Ulipendeza! Ijumaa baba yangu akaja, akaegemea, kisha wakaenda msikitini. Babu yako, aliyekuwa safu ya nyuma, akaona mgongo wa kanzu ya mkwewe mweusi tii.

Walipotoka ikabidi amwambie.

"Binti yangu umemchukua," baba akasema, "na kanzu yangu nayo waitaka?" Akacheka mpaka akakohoa. Kesho yake wakaupaka tena pamoja, safari hii wakachanganya na chokaa ili rangi ishike.

Basi paka, mjukuu wangu, lakini uegemee wewe kwanza, kabla hajaja mkweo.

Bibi yako