Wafula Amepiga Hodi Jikoni

Kibomet, Jumapili, Agosti 2006

Amepiga hodi. Jikoni mwake mwenyewe!

Miaka mitatu ya ndoa, Wafula akinishika kutoka nyuma naruka kama nimechomwa. Hata kitandani mwili unakauka tu, na yeye alidhani simpendi. Ijumaa nilimwambia yote, vile mjomba wa Sirisia alikuwa akinijia kimya kimya kutoka nyuma nikiwa na miaka tisa. Jana kutwa Wafula hakunikaribia, nikaogopa kwamba sasa ananiona mchafu.

Leo mchana nasonga ugali, mgongo kwa mlango, nasikia, "Hodi, Mama Neema."

"Si uingie! Kwani wewe ni mgeni?"

"Nangoja kukaribishwa bana. Naweza kukushika bega?"

Nilicheka mpaka mwiko ukanitoka mkononi. Nikasema karibu. Akaweka mkono begani, na sikuruka. Sikuruka! Tulisimama hivyo mpaka ugali ukaanza kuungua.

Nilimwambia pia wazi, siku zingine jibu litakuwa hapana, na asininunie.

"Basi nitarudi nje, nipige hodi siku nyingine," akasema.

Sijapona, najua. Taa ikizimwa bado naogopa, na Neema hajaniacha nilale wiki nzima, macho yanajifunga nikiandika. Lakini moyo unaruka kama wa msichana.

Ugali ulikuwa ukoko mtupu. Tulipomaliza kula, mimi ndiye niliyemwambia alete mkono tena.