Mafuta ya Giaboksi

Mjukuu wangu Ekai,

Habari ya Nakuru? Hapa Burat tuko salama. Mama yako amevuna vitunguu, na ile mbuzi nyeupe imezaa mapacha.

Unasema fundi anataka kuweka mafuta ya difu, yale ya ekseli ya nyuma, kwa giaboksi ya pikapu yako, eti kwa sababu ni mazito. Baba yangu aliweka hayo hayo kwa gari yetu. Gia zikaanza kukwaruza. Dereva wetu, Lokol, akamwambia, "Mzee, gari imekataa haya mafuta." Baba akasema ni Lokol hajui kuendesha, akamfuta kazi.

Dereva mpya naye akakwaruza. Tulipomwaga yale mafuta, yalimetameta unga wa shaba. Ndani ya giaboksi mna ringi za shaba zinazoshika gia kidogo ndipo ziingiane. Mafuta ya difu huteleza kupita kiasi, tena hula shaba.

Soma kitabu cha gari. Kikisema GL-4, weka hiyo, na GL-5 uiachie difu.

Baba alienda Leparua, kwao Lokol, kumrudisha. Lokol akampa chai, akamsikiza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee, tulikuambia wawili, mimi na gari. Wewe uliamini gari."

Hakurudi kazini.

Ni mimi nyanya yako.