Yule Kijana wa Kifungo Alifika?

Mpendwa Mama Koku,

Shikamoo sikupi, nimekuzidi miaka, labda kama huko uliko wanahesabu kwa namna nyingine. Naandika nikiwa nimekaa juu ya jamvi lako la kuanikia kahawa, lile ulilokataza mtu asilikalie. Njoo unifukuze.

Nina neno na wewe. Nakushuku.

Unakikumbuka kile kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, ulichopewa na masista waliokusomesha? Mimi niliishia darasa la tatu, Kiingereza changu ni gudimoningi, na hiyo naisema hata jioni. Kwa hiyo tukishakula mchana, mimi nachambua kahawa, wewe unavaa miwani. Macho yanasoma Kiingereza, mdomo unatoa Kiswahili. Habari za kijana aliyepewa na mwanamke mchawi kifungo cha bahati. Akikisugua bahati inakuja, lakini kila ikija inaondoka na kitu chake. Kwanza ilichukua sura ya mama yake, hakuikumbuka tena. Halafu ikachukua jina la kijiji chao. Naye anakwenda tu, mpaka kwenye mlima wa jitu lililomficha mdogo wake.

Nilianza kukushuku siku lile jitu la Ulaya lilipokunywa rubisi. Niliacha kahawa nikakuuliza, "Rubisi imeandikwa hapo?"

"Imeandikwa pombe," ukasema. "Nikutajie pombe gani, wakati wewe hujui nyingine?"

Na mama wa yule kijana, mbona alikuwa anamgombeza mumewe, "Wewe mwanaume, matope hayo unayapeleka wapi?" Siku hiyohiyo mimi nilikuwa nimeingia ndani na viatu vya shambani. Nikajisemea, kitabu hiki kinatuchungulia, au huyu mke wangu ananichezea.

Ulipoanza kuumwa tulikuwa tumefika mtoni. Kijana amembeba mdogo wake mgongoni, maji yamejaa, kifungo kimebakiwa na bahati moja, na hata akivuka hajui kwao ni wapi. Tukamwacha hapohapo ukingoni, tukakupeleka hospitali. Uliporudi ulikuwa mwepesi kama gunia tupu. Jambo la kwanza ukasema, "Nipe kitabu. Yule mtoto amesimama kwenye maji muda mrefu."

Hapo ndipo ulipojikamatisha, mama. Ulifungua kitabu, ukakohoa kidogo, ukasema, "Nkaija nabona."

Tangu lini kitabu kikaanza hivyo? Hayo ni maneno ya marehemu mama yako kule Muleba, akitaka kutoa hadithi ya kichwani mwake: nilikuja, nikaona. Na sisi tuliokaa tunamjibu, bona tulole, ona nasi tuone. Anayesoma hasemi hivyo. Anayesoma hajaona kitu, ameona karatasi.

Nilitaka nikuumbue. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Halafu nikaona jinsi ulivyokishika kile kitabu, vidole vyote kumi, kama kinataka kukimbia. Nikajibu tu, "Bona tulole."

Ukaona. Kijana akavuka, mto ukakubali kuchukua kifungo ukamwachia ndugu yake. Ng'ambo hakujua njia hata moja, lakini akasikia harufu ya ndizi zinazoivia ndani ya majani, akaifuata kama mbwa mpaka mlangoni. Mama yake hakulia wala kupiga vigelegele. Alimwambia, "Umechelewa. Nawa mikono."

Ukafunga kitabu. "Basi, amefika," ukasema. "Kama yeye aliyesahau kila kitu alifika, mimi nitashindwaje?"

Kesho yake ulitoa kifungo kwenye gauni lako la kanisani ukakishona kwenye koti langu. "Cha bahati. Usikisugue hovyo."

Tulipomaliza msiba wako nilikichukua kile kitabu. Kiingereza sijui, lakini mchwa nawajua. Walikuwa wamekila kuanzia mtoni, pale ulipokunja ukurasa, hadi mwisho. Mbele yako hapakuwa na kitu, Mama Koku, ulikuwa unasoma vumbi. Sasa ndiyo unielewe. Kama yule kijana alizama, yale uliyoniambia kuhusu kufika uliyajenga juu ya nini? Sijalala vizuri tangu hapo, na usiseme ni uzee.

Kifungo nimekijaribu mara moja tu, nikiwa kwenye bodaboda kwenda Kayanga. Nikakisugua, tairi likapasuka. Dereva akashuka, akatazama mteremko uliokuwa mbele yetu, akasema, "Mzee una bahati, ingekuwa kule chini tungezungumza mengine." Nikamwambia bahati ya namna hiyo abaki nayo yeye. Sijakisugua tena. Si kwamba naamini. Ila kile cha kitabuni kilianza na sura ya mtu, na sura yako mimi ninayo kwenye picha moja tu, tena umenuna.

Jumapili binti yetu Koku alikuja kutoka Kayanga. Bado anashona pale karibu na soko, amenenepa, anafanana na wewe hadi mwendo. Akasema, "Shikamoo tata. Nimekwenda Bukoba kununua vitambaa, nikakuta nakala nyingine ya kile kitabu cha mama kwenye vitu vya mtumba. Kizima."

Sikumkaribisha hata chai. "Fungua mwishoni. Soma."

Akasoma kimoyomoyo. Mimi nikamtazama kama ninavyomtazama mnunuzi wa kahawa akiugusa mzani. Alifika ukurasa wa mwisho, akarudi nyuma, akaenda mbele tena. Akakaza midomo.

"Amefika?"

"Subiri tata, Kiingereza chenyewe cha zamani."

"Koku. Amefika au hakufika?"

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge ingawa ilikuwa safi. Akaweka kidole kwenye karatasi, akakohoa kidogo, kikohozi chako kabisa, akasema, "Nkaija nabona."

Mbuzi wa jirani alikuwa anakula migomba yetu na wala sikumfukuza.

"Bona tulole," nikasema.

Safari hii hapakuwa na ndizi. Kijana alivuka, akasimama gizani hajui pa kwenda, mara akasikia kwa mbali mwanamke anamgombeza mtu kuhusu matope. Akaifuata ile sauti mpaka nyumbani.

Kwa hiyo bado nakushuku, tena sasa mko wawili. Kitabu kipya nimekiweka juu ya dari, mchwa wakitaka wakifuate. Nami siku yangu ikifika nitakuja na viatu vyangu vya shambani, sitavifuta. Wewe gombeza tu, kwa nguvu, nisikie njia.

Ni mimi mumeo wa Kihanga,
Baba Koku