Utepe Mwekundu Mlangoni pa Stoo

Wodi ya Watoto Wachanga,
Kitanda cha Sita.
Jumanne, 9 Juni.

Mpendwa Mjomba, mpiganaji mwenzangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na lile goti limeacha kukusumbua. Mama hajambo, presha imetulia. Nami ni mzima, ila siwezi kuinuka kitini.

Aliyenifunga ni mjukuu wako. Dada amejifungua kwa upasuaji kabla ya miezi kutimia, na bado hawezi kukaa. Mtoto ana kilo moja na robo. Nimemfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, aote joto langu. Nikienda hata kuoga, sharti Mama anipokee. Mimi niliyezoea kuhutubia juu ya meza, leo hata kukohoa nakohoa kwa adabu.

Mashine ya joto wodini ni moja, na ndani yake wamelazwa watoto watatu. Jana walikuwa wanne.

Hatua thelathini kutoka hapa kuna stoo iliyofungwa. Ndani yake mna mashine nane mpya za joto, zimekwisha kujaribiwa, na utepe mwekundu umekatiza mlango. Nilimuuliza muuguzi mkuu zinangoja nini.

"Mgeni rasmi, mwanangu. Tunangoja mkasi, wiki ya tano sasa."

Wenzangu chuoni wakaandika mabango. Ndipo nikaiona kadi ya mwaliko. Jina la mgeni rasmi lililomo ni lako, Mjomba.

Tangu hapo nimebanwa. Dada ananisihi nisiwaudhi wauguzi, kwani mwanawe yu mikononi mwao. Wenzangu wananiuliza, "Mbona umemeza ulimi, Mpwa wa Mkasi?" Mama anasema funika kombe mwanaharamu apite. Lakini anayepita, Mjomba, ni mtoto mchanga.

Simu yako hupokewa na katibu, naye kila siku hunijibu kuwa uko safarini. Kwa hiyo barua hii nampa dereva wa gari la wagonjwa, aikabidhi mkononi mwako. Sikuombi uje. Naomba mstari mmoja wenye sahihi yako: fungueni. Ni wewe uliyenifundisha kwamba haki haingoji sherehe.

Nisalimie mkazamjomba na binamu zangu wote. Mungu akupe umri wa kuitwa babu na huyu.

Mkutano wetu wanachuo ni Alhamisi, saa nne kamili asubuhi, mlangoni pa stoo. Mstari wako usipotangulia, nitasimama mbele, na mjukuu wako nitakuwa naye kifuani.

Akupendaye hata anapokupinga,
Mpwa wako.