Papa Yupi Aliyekuchukua

Lindi, Februari 1949. Ni mwaka wa arobaini na moja tangu niliache ziwa letu la Nyasa.

Mpendwa kaka,

Leo asubuhi wavuvi wameleta papa mnene, mwenye pua fupi butu na macho madogo, wa kijivu asiye na doa. Walimnasa kando ya mikoko, pale mto unapoingia baharini na maji hayaonyeshi kitu. Nilimtazama sana, kisha nikarudi nyumbani kukuandikia.

Unakumbuka tulivyojibanza nyuma ya ua wa misheni? Watoto wa Mjerumani walimkimbilia yule bwana mwenye ndevu wakiita, "Papa, Papa," ndivyo walivyomwita baba yao. Jioni ukamjaribu baba alipokuwa akitengeneza wavu: "Papa, tukusaidie?" Akakujibu bila kuinua kichwa, "Niite hivyo tena, ukale kwa hao Wajerumani."

Kisha Wajerumani walikuchukua uwe mpagazi, ukashuka pwani na mizigo yao. Mwenzako wa safari alirudi peke yake. Alituambia kwa Kiswahili, ambacho wakati ule tulikijua kidogo tu, "Mwenzenu kachukuliwa na papa." Sisi tulimjua papa mmoja, yule wa misheni.

Mama hakulia. Alijitwika chungu chake kikubwa kuliko vyote, maana kwetu Wakisi, wafinyanzi, kila kitu hupatikana kwa kubadilishana na chungu, akaenda misheni kukukomboa. Mpishi wa misheni, mtu wa pwani, alimcheka kwa Kikisi chake kibovu.

"Mama, papa ni samaki."

"Samaki gani huyo anayeitwa na watoto wake?"

"Huyo mwingine. Wa baharini. Ana meno."

"Na huyu wenu hana?"

Aliacha chungu mlangoni na hakukanyaga tena misheni. Mimi akaniambia, "Nenda ukaone. Ukimjua ni yupi, njoo uniambie."

Nimekuja, nimeona, na sijui. Maneno mengine ya mwenzako nimeyaelewa baadaye, nilipokijua Kiswahili: ulikuwa kwenye mchanga mweupe, maji ya magoti, mtu anaona vidole vyake. Papa kama wa leo sijamwona mahali kama hapo hata mara moja. Yeye hupenda tope na midomo ya mito, hata hupanda kwenye maji yasiyo na chumvi. Kwenye mchanga kama ule, karibu na matumbawe, nimewaona wadogo wenye ncha nyeusi za mapezi, wanaokimbia kivuli cha mtu, na papa usingizi, anayelala chini mchana kutwa na kula konokono. Yupi kati ya hao angembeba mpagazi mwenye mabega kama yako? Labda mwenzako alichanganya mahali.

Lakini mzee mmoja hapa aliniambia kwamba katika shamba moja la mkonge kulikuwa na Mjerumani ambaye vibarua walimwita Papa, na waliofungwa minyororo yake hawakuonekana tena. Nikamshukuru, nikaanza kumchukia mtu huyo. Wiki iliyofuata mzee akasema, "La, aliitwa Papai. Kichwa chake kilikuwa hivyo." Akacheka mpaka akakohoa.

Kaka, siku nyingine namwamini mpishi, siku nyingine namwamini mama. Sijui nikulilie au nimkasirikie mtu. Mama amefariki, na wajukuu zake wananiita nyumbani, wakisema inatosha. Ila nikifika, watanipeleka kwenye kaburi lake, na hapo itanibidi nichague jibu moja na kulitamka kana kwamba ni kweli. Ulale salama, popote ulipolazwa. Mimi sitarudi.

Mdogo wako