Kofia ya Marehemu Masele

STESHENI YA POLISI, SHINYANGA
Maelezo ya shahidi, yaliyochukuliwa na Koplo Herman, Jumatatu tarehe 16 Julai 1956

Jina: Bernadina binti Jilala, hujulikana zaidi kama Mama Limi. Umri: miaka arobaini na kitu. Kabila: Msukuma. Dini: Mkristo. Kazi: kuuza uji na maandazi mnadani. Makazi: Ngokolo.

Mimi ni mjane wa marehemu Masele, yule ambaye watu wanasema kofia yake iliibwa kaburini. Sikuitwa, nimekuja kwa miguu yangu. Mmemfungia ndani Kondo Mwinyimvua, fundi cherehani, kwa wizi ambao haukutokea, na mwenye kofia hakuna aliyemuuliza. Andika hivyo hivyo, Koplo.

Mwaka 1953 mume wangu alikuwa kibarua kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Mwezi wa Agosti alishikwa na homa akafariki, tukamzika kulekule. Kondo, ambaye baadaye alihamia hapa Shinyanga kama mimi, alikuwa fundi wa nguo pale kambini. Yeye ni Mzaramo, na Mzaramo na Msukuma ni watani, hilo hata mtoto wa kubebwa mgongoni analijua. Yeye na Masele walitukanana asubuhi mpaka jioni, na hakuna aliyenuna.

Siku ya mazishi Kondo alifanya kazi ya mtani. Alitangulia kushuka kaburini akalala chali, akasema hatoki, pamempendeza. Walipomtoa, akachukua kofia ya Masele, akaivaa, akatembea kama Masele alivyokuwa akitembea, mguu mmoja nje. Kisha akanijia mimi, niliyekuwa nimelia mpaka sauti imekauka, akawaambia watu, "Msidanganywe na habari za homa. Masele amekimbia mdomo wa huyu mwanamke." Nilicheka. Mbele ya jeneza la mume wangu nilicheka, na ndipo miguu yangu ikapata nguvu ya kusimama. Shemeji zangu waliikomboa kofia kwa jogoo, kama ilivyo desturi. Kofia ninayo. Hii hapa mezani kwako, iangalie.

Stanslaus, mchoraji wa vibao vya maduka, alikuwepo mazishini. Baadaye alianza kuchora hadithi ya picha katika gazeti la kila mwezi liitwalo Jembe na Sururu. Mtu mwenyewe katika hadithi ni fundi cherehani anayeitwa Kikofia. Ni Kondo yule yule, na pengo lake la mbele, na utepe wa kupimia shingoni. Stanslaus alituomba ruhusa, tukampa. Kondo alijisifu mpaka tukamchoka. Kila mwezi picha ya kwanza ilikuwa ileile: Kikofia ameshika kiuno, na chini yake maneno, "Huyu ni mtani wetu Kikofia. Asipokutukana, ujue anaumwa." Watu walikuwa wakiyasema kwa pamoja kabla msomaji hajafungua kinywa. Mazishi nayo yalichorwa, na kaburi, na kofia, na jogoo, na tusi nililotukanwa.

Mwaka huu bwana mmoja wa Mwanza, mhariri, jina lake Eustace, amezikusanya picha zile akachapa kitabu. Kitabu hicho ndicho kilichomfikisha Kondo hapa.

Mnamo tarehe 14 Julai, siku ya Jumamosi, nilikuwa mnadani nauza uji. Saa nne hivi alikuja Marcel, karani mgeni kutoka Bukoba, ameshika kitabu hicho kipya. Watu waliokuwa kwenye benchi langu wakamwomba awasomee. Akasoma kwa sauti. Kikofia anaingia kaburini. Kikofia anatoka na kofia ya maiti. Kikofia anaondoka nayo kichwani. Halafu picha inayofuata yuko mnadani anakenua meno. Basi! Hakuna jogoo, hakuna mtani, hakuna shemeji.

Marcel akainua macho, akamwona Kondo ng'ambo ya pili kwenye cherehani yake, utepe shingoni, anacheka na mteja, pengo nje. Akasema, "Jamani, si ndiye huyu?" Mtu mwingine akapaza sauti, "Mwizi wa maiti!" Nikapiga kelele, "Yaya! Hapana! Huyo mtani wangu! Kofia ninayo mimi!" Nani anamsikiliza muuza uji watu wakishasikia neno mwizi? Na walikuwemo Wasukuma wenzangu, wamekulia kwenye utani, lakini kwa kuwa limetoka kitabuni wakaliona kama limetoka madhabahuni. Walipindua cherehani. Walimpiga ngumi na fimbo za kuchungia. Mmoja alimkanyaga mkono wa kulia, mkono wa kazi, nikasikia mwenyewe vidole vikilia.

Askari walipofika walimkamata aliyepigwa. Waliopiga walirudi kunywa uji. Sikuwapa.

Kabla hajaondolewa nilipenya nikamwinamia. Nilimtukana ili apate moyo. Nilimwambia, "Wewe mla nazi, hata kukimbia hujui?" Akanitazama tu, hakunijibu. Tangu nimfahamu Kondo hajawahi kuliacha tusi langu lipite bure. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Alasiri nilimfuata huyo Eustace kwenye duka la hapa mjini alikokuwa anapanga vitabu vyake. Akasema, "Shikamoo mama." Sikuitikia. Nilimuuliza yako wapi maneno ya mtani wetu Kikofia. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Alisema maneno yale yalikuwa ya kuwakumbusha wasomaji wa kila mwezi, na kwenye kitabu yangekuwa marudio matupu, kwa hiyo ameyafuta yote. Nikamwambia basi lingebaki hata moja, la mwanzo. Akasema sura ya mwanzo ameiacha nje kwa sababu mkono wa mchoraji ulikuwa haujakomaa.

"Na jogoo?"

"Ile picha ilishikana na tangazo la sabuni, mama. Ingeharibu ukurasa."

"Na lile neno la Kondo kwangu mimi?"

"Matusi msibani hayafai. Gazeti watu hufungia sukari, lakini kitabu kinakaa, kitaingia mashuleni. Nimewaondolea aibu."

Aibu ya nani? Mayo, mama yangu! Neno lililoniinua pale chini, yeye ndiye wa kuniambia ni aibu? Nilimwambia, ulitaka kufupisha, ungefupisha picha za mbuzi na magari. Wewe umetoa utani ukaacha wizi. Alinijibu kwamba hata yeye anasikitika, na kwamba wenye akili wangeelewa. Stanslaus yuko Geita, na huyu bwana alikiri mwenyewe kwamba hakumwonyesha kurasa kabla ya kuchapa.

Nina hasira na sifichi. Sitaki vitabu vichomwe, maana mume wangu yumo mle. Nataka kurasa zirudishwe. Na kabla ya hayo, namtaka mtani wangu atoke, maana siku yangu mimi ikifika, nani atalala kaburini mwangu awachekeshe wanangu?

Niliyoyaona na ninayoyajua yameishia hapo, na nitayarudia mbele ya hakimu bila kupunguza neno.

Dole gumba la shahidi: Bernadina binti Jilala

Maandishi ya Koplo Herman: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, amekubali ni yake. Kofia nimeikagua na kumrudishia. Kabla ya kuweka dole ameomba aonane na mahabusu. Nimemleta, mkono wa kulia umefungwa bendeji. Shahidi amemwambia, "Mla nazi mkubwa, umekuja kulala bure kwa serikali?" Mahabusu ameiangalia kofia. Kisha amesema, "Koplo, sasa umejionea mwenyewe alichokikimbia Masele." Shahidi amecheka na kulia. Niliona maneno hayo hayahusiani na shauri, nikataka kuyaacha. Shahidi amekataa kuweka dole mpaka yaandikwe. Yameandikwa.