Maji ya Shimo na Namba Iliyoganda

Jumatatu, 6 Machi 1989
Bendera, wimbo wa chama, kisha kazi. Tangu mke wangu Mujinga afariki, kazi ndiyo inayoniamsha. Programu ya pampu inakaribia kwisha. Inasoma kipimo cha maji shimoni, chini mgodini. Yakifika alama nyekundu, inawasha pampu. Itaanza Jumamosi. Kabamba, mdogo wake Mujinga, anayepima maji kwa fimbo na kupiga simu juu, ataondolewa pale. Watu wote wa chini wataitegemea mashine.
Nimenunua mikate miwili. Mmoja unatosha.

Jumanne, 7 Machi
Programu ilikuwa kubwa mno, haikuingia kwenye kumbukumbu ya mashine. Injinia Ilunga ameiagiza kompaila, ile inayogeuza maandishi yetu kuwa amri za mashine, iipunguze na kuiharakisha. Imeingia. Tumejaribu kwa pipa la maji. Pipa limejaa hadi kumwagika, namba ya kipimo haikusogea. Pampu kimya.
Kabamba alikuwepo. "Ile mashini yenu iko kama fonctionnaire wa serikali," akasema. "Ilihesabia bantu asubui, sasa haitoke tena mu bureau." Ilunga alicheka sana. Mimi kidogo.

Jumatano, 8 Machi
Ajabu. Nimeongeza mstari wa kuchapa namba kwenye karatasi kila inaposomwa, nipate kuona kosa. Kosa limetoweka. Nimeutoa mstari, kosa limerudi. Ilunga anataka tuuache, tumalize. Watu wa chama wamekwisha kualikwa kwenye uzinduzi wa Jumamosi.
Sipendi. Homa ya Mujinga nayo ilishuka bila sababu, tukafurahi.

Alhamisi, 9 Machi
Nimesoma amri zilizotolewa na kompaila, moja moja. Macho yanauma. Programu inakisoma kipimo mara moja tu, mwanzoni, kisha inaitazama namba ileile daima. Kwa hesabu yake kompaila haikukosea. Hakuna mstari wetu unaoibadilisha namba ile, basi kwa nini isomwe tena? Haijui kwamba kuna maji.
Kuchapa ni kazi iliyoandikwa kwingine. Kompaila haioni ndani yake, kwa hiyo ilihofu kwamba huko namba huenda imeguswa, ikaisoma upya. Kinga ya bahati tu. Siku karatasi ingeisha, mtu angeufuta mstari ule na kosa lingerudi.
Ilunga amepata neno kitabuni: volatile. Kipimo kikiandikwa hivyo, lazima kisomwe kweli kila mara. Tumeliweka pia kwenye swichi ya pampu. Tunaandika sufuri, kisha moja, ili swichi ishtuke. Kompaila ilikuwa imeitupa sufuri, ikiona ni kazi bure.

Ijumaa, 10 Machi
Pipa limejaribiwa tena, bila kuchapa. Sawa kila mara. Lakini pipa si shimo. Nimemwomba mkuu wa idara amwache Kabamba na fimbo yake kwa siku za kwanza.
"Citoyen," akajibu, "bantu banakuja kuona mashini. Habakuje kuona fimbo."
Nimesema basi tushuke wawili, mimi na Kabamba, siku ya kwanza tu, fimbo ikae gizani. Amekubali kwa kununa.

Jumamosi, 11 Machi
Juu hotuba, chini matope. Niliogopa. Wanaume walikuwa wakifanya kazi mbele yetu, wakiimba, hawajui lolote kuhusu namba. Maji yalipanda polepole. Yakafika alama nyekundu. Kimya. Yakaipita kwa upana wa kidole. Kabamba alikuwa na simu mkononi tayari.
Pampu ikanguruma. Ni ya zamani, huchukua muda kuamka. Nilikuwa nimesahau hilo.
Kabamba alirudisha simu mahali pake. Kisha tukapanda juu.

Jumapili, 12 Machi
Baada ya misa Kabamba alipitia kwanza kwa watu wa zamu ya usiku. Maji yalipanda tena, pampu ikayashusha. Hakuna mtu aliyesimama pale na fimbo.
Amekuja kula hapa. Bukari, ugali wetu, na samaki wa Pweto. Chumvi nilizidisha, amekula yote. Kisha amelala kwenye kiti, viatu miguuni. Mtu mwingine hajalala nyumba hii tangu matanga. Nimepunguza redio.